Kikaratasi Kimoja, Watu 1,240

Mama mhasibu alinipigia simu saa mbili asubuhi, na hakungoja salamu. Kwa mtu wa umri wake, ambaye atasubiri shikamoo yako hata nyumba ikiwa inaungua, hiyo ilikuwa dalili tosha.

"Mwanangu, zile namba za kadi umezitoa wapi?"

"Shikamoo mama. Nimeiachia kompyuta izichague yenyewe. Kila mwanachama na yake."

"Marahaba. Basi njoo uone. Nimeshika kadi ya mzee wa mbao, nimeshika ya mwalimu, nimeshika na ya kwangu. Zote 671408."

Kilikuwa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 1,240, nami ndiye kijana wa kompyuta anayeitwa mambo yakikwama. Walitaka kila mwanachama apewe namba ya tarakimu sita isiyofuatana na ya jirani yake, ichapwe kwenye kadi ya plastiki. Niliona ni kazi ya dakika tano. Jioni nikaandika amri moja ya SQL, seva ikajibu kwamba mistari 1,240 imebadilishwa, nikamtumia mchapaji faili, nikalala usingizi mnono. Mchapaji naye hakuuliza kitu. Yeye huchapa anacholetewa.

Amri yenyewe ilikuwa hii:

UPDATE wanachama
SET namba_kadi = 100000 + FLOOR(RAND() * 900000);

Itazame vizuri, maana haina kosa la herufi hata moja. RAND hutoa sehemu ya namba kati ya 0 na 1, ukizidisha kwa 900000 na kukata desimali unapata chochote kuanzia 0 hadi 899999, ukiongeza laki moja unapata tarakimu sita kamili. Hesabu ni sahihi. Na seva haikudanganya iliposema imebadilisha mistari 1,240. Ilibadilisha yote, kwa namba ileile.

Ukitaka kuelewa kilichotokea, kumbuka mchezo wa kupeana fedha wa akina mama mtaani. Siku ya kupanga zamu, kijumbe anaandika namba kwenye vikaratasi, anavikunja, anavitikisa kwenye bakuli, na kila mmoja anaingiza mkono na kutoa chake. Sasa mfikirie kijumbe mvivu anayetoa kikaratasi kimoja, anakifungua, anasoma "saba", kisha anawatangazia watu wote: zamu yenu ni ya saba. Ndivyo SQL Server, kanzidata ya chama kile, inavyoifanyia RAND. Inaitazama ile fomula, inaona haikutaja safu yoyote ya jedwali, haina jina la mwanachama wala tarehe yake ya kujiunga, basi inaamua kwamba jibu halimtegemei mtu yeyote na inalihesabu mara moja tu, kabla ya kuugusa mstari wa kwanza. Baada ya hapo ni kugonga muhuri.

Ushauri wote wa makala hii unatoka kwenye swali moja ambalo sikulifikiria jioni ile: fomula hii itahesabiwa mara ngapi? Mara moja kwa amri nzima, au mara moja kwa kila mstari? Kabla hujabonyeza kitufe cha kuendesha amri inayotakiwa kumpa kila mtu kitu chake, lazima uwe na jibu, na jibu hilo hubadilika kutoka kanzidata moja hadi nyingine.

Si ajabu swali hilo likawa gumu. Edgar Codd wa IBM alipochapisha makala yake mwaka 1970 kuhusu kupanga data kwa mahusiano, na wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce walipoleta mwaka 1974 lugha iliyokuja kuitwa SQL, wazo lilikuwa kwamba mtu aseme anataka nini kwa kundi zima, namna ya kulifikia aiachie mashine. Husemi "mchukue wa kwanza, fanya hivi, nenda kwa wa pili". Unasema "wanachama wote, namba ya kadi iwe hivi". Kwa bei mpya ya bidhaa au asilimia ya riba, raha tupu. Kwa bahati nasibu, ile "namna ya kulifikia" ndiyo kila kitu, na ndiyo uliyoiachia mashine.

Kwa SQL Server, dawa ni funksheni ya NEWID. Hiyo huitwa upya kwa kila mstari, na kila ikiitwa hutoa kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu ambacho hakifanani na kilichotangulia. Kwa kuwa sisi tunataka namba, tunakikamua hivi:

UPDATE wanachama
SET namba_kadi = 100000 + ABS(CHECKSUM(NEWID()) % 900000)
WHERE namba_kadi IS NULL;

Isome kutoka ndani kwenda nje. NEWID inatoa kitambulisho. CHECKSUM inakigeuza kuwa namba kamili, ambayo inaweza kuwa hasi au chanya, hadi zaidi ya bilioni mbili kila upande. Alama ya % inagawa kwa 900000 na kubakiza masalio. ABS inaondoa alama ya hasi. Halafu laki moja inaongezwa. Utakutana na watu wanaoweka ABS kabla ya kugawa, yaani ABS(CHECKSUM(NEWID())) % 900000. Nayo inafanya kazi, mpaka siku CHECKSUM itakapotoa -2147483648. Namba hiyo haina mwenzake wa upande wa chanya ndani ya aina ya INT, kwa hiyo amri nzima inakatika kwa kosa la kufurika. Uwezekano ni mmoja kati ya zaidi ya bilioni nne. Lakini kusogeza mabano hakuna gharama, sasa ya nini kuacha mtego?

Na kwa nini kuanzia laki moja, tusianzie sifuri? Kwa sababu ya Excel. Namba 004512 ikipita kwenye Excel, na ofisini kila kitu hupita kwenye Excel, inatoka 4512, na mwanachama anafika dirishani na kadi ya tarakimu sita ambayo mfumo haujapata kuiona.

Kabla ya kuamini funksheni yoyote, ijaribu kwa kusoma tu, bila kubadilisha kitu:

SELECT TOP 5 id, RAND() AS a, NEWID() AS b
FROM wanachama;

Safu ya a italeta kitu kimoja mara tano, safu ya b italeta vitu vitano. Kwenye PostgreSQL, MySQL na SQLite unaondoa TOP 5 na kuweka LIMIT 5 mwishoni, na jina la funksheni unalibadilisha kulingana na mahali. Kama jioni ile ningejaribu hivyo, kadi 1,240 za plastiki zisingeishia kwenye pipa.

Wenye MySQL watasema huko kwao RAND huhesabiwa upya kwa kila mstari. Ni kweli. Vilevile RANDOM ya PostgreSQL na ya SQLite, na DBMS_RANDOM.VALUE ya Oracle. Ila MySQL nayo ina shimo lake. Funksheni yake ya UUID hutengeneza kitambulisho kutokana na saa na utambulisho wa mashine, si kwa nasibu. Sehemu ya mwanzo ndiyo inayokimbia, na zile herufi 12 za mwisho ni za mashine yenyewe. Ukisema utachukua herufi sita za mwisho kwa RIGHT(UUID(), 6) ili upate namba fupi, umerudi kwenye muhuri: watu wote namba moja.

Basi, turudi kwa mama mhasibu. Nilizifuta namba za mwanzo zirudi kuwa NULL, nikaendesha amri iliyorekebishwa, na safari hii nikahesabu kabla ya kumpigia mchapaji:

SELECT COUNT(*), COUNT(DISTINCT namba_kadi)
FROM wanachama;

Jibu: 1240 na 1239.

Nilikodoa macho. Namba laki tisa, watu elfu moja na kitu, na bado wawili wameshika namba moja? Nilidhani nimekosea tena. Sikuwa nimekosea, nilikuwa nimekutana na jambo ambalo wanahisabati wanalijua kwa mfano wa siku za kuzaliwa. Ndani ya chumba chenye watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuchangia siku ya kuzaliwa umevuka nusu, ingawa mwaka una siku 365. Sababu ni kwamba hatumlinganishi mtu na kalenda. Tunamlinganisha kila mtu na kila mwenzake. Watu 1,240 wanatoa jozi 768,180, na kila jozi ina nafasi moja kati ya laki tisa ya kugongana. Ukipiga hesabu hadi mwisho, uwezekano wa kupata angalau mgongano mmoja ni kama asilimia 57. Kwa chama cha watu 300 ungekuwa kama asilimia 5. Kwa chama cha watu 5,000 usijiulize kama namba zitagongana. Tegemea jozi 13 au 14.

Kwa hiyo kitu chenye nasibu na kitu cha pekee ni vitu viwili, na wengi wetu tunavichanganya. Kuchagua kwa nasibu hakuahidi kutorudia. Vitambulisho virefu vya aina ya UUID vya nasibu vinapona kwa sababu vina biti 122 za nasibu ndani yake, nafasi kubwa kiasi kwamba mgongano si wa kuuwazia. Lakini nani atamsomea karani herufi 36 kupitia dirishani?

Ile jozi moja niliirekebisha kwa mkono, nikanyamaza. Halafu nikafanya kitu nilichopaswa kukifanya kabla ya yote, nikaiwekea safu ile sharti la upekee. Sharti hilo lingekuwepo tangu mwanzo, amri yangu ya kwanza ingekataliwa kwenye mwanachama wa pili na hakuna ambaye angepigiwa simu saa mbili asubuhi. Kuna jambo dogo la kuangalia: SQL Server, tofauti na PostgreSQL, huhesabu nafasi tupu kama thamani, hivyo chini ya sharti la kawaida inaruhusu NULL moja tu. Kama una safu mpya ambayo bado haijajazwa, tumia faharasa yenye masharti:

CREATE UNIQUE INDEX ux_namba_kadi
ON wanachama (namba_kadi)
WHERE namba_kadi IS NOT NULL;

Baadaye chama kilihama mfumo, kikaenda PostgreSQL, na kadi zikatakiwa upya. Nilikwenda kwa kujiamini. Huku RANDOM huhesabiwa kwa kila mstari, sivyo? Meneja akaongeza ombi: kila mwanachama agawiwe afisa mikopo mmoja kati ya sita, kwa nasibu, pasiwe na manung'uniko ya kupendelea. Nikaandika:

UPDATE wanachama
SET afisa_id = (
  SELECT id FROM maafisa
  ORDER BY random()
  LIMIT 1
);

Afisa mmoja akapata wanachama wote. Wenzake watano hawakulalamika.

Hii ni sura nyingine ya kijumbe yuleyule. RANDOM peke yake ingehesabiwa kila mara, lakini nilikuwa nimeifungia ndani ya swali dogo, na swali hilo dogo halikutaja chochote cha mstari wa nje. PostgreSQL ikaliona ni swali linalojitegemea, ikaliuliza mara moja, ikabaki na jibu. Tiba ya haraka ni kulilazimisha swali la ndani limguse mwanachama wa nje, hata kwa sharti lisilo na maana ya kikazi:

UPDATE wanachama AS w
SET afisa_id = (
  SELECT id FROM maafisa
  WHERE w.id > 0
  ORDER BY random()
  LIMIT 1
);

Lile "w.id > 0" halichuji mtu. Kazi yake ni kumwambia kijumbe: jibu linategemea aliye mbele yako, ingiza mkono upya. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi, na nikikuta mtu ameiandika bila maelezo pembeni namwomba aongeze, la sivyo atakuja kijana mwenye bidii aone sharti lisilo na maana, alifute, na afisa mmoja arithi chama kizima.

Zaidi ya hapo, meneja hakuhitaji nasibu. Alihitaji haki. Nasibu tupu ingeweza kumpa afisa mmoja watu 230 na mwingine 180, na manung'uniko yangerudi palepale. Mtu anayegawa karata haokoti afisa kwa bahati kwa kila karata. Anachanganya karata mara moja, kisha anazunguka meza. Kwa SQL, kuchanganya ni ROW_NUMBER iliyopangwa kwa random, na kuzunguka meza ni masalio ya kugawa kwa sita:

WITH karata AS (
  SELECT id,
         ROW_NUMBER() OVER (ORDER BY random()) AS zamu
  FROM wanachama
)
UPDATE wanachama AS w
SET afisa_id = 1 + (k.zamu - 1) % 6
FROM karata AS k
WHERE k.id = w.id;

Hapa nimechukulia maafisa wana vitambulisho 1 hadi 6. Kama havifuatani, wape nao namba za zamu. Maafisa wanne walipata watu 207 kila mmoja, wawili wakapata 206.

ROW_NUMBER ndiyo chombo ninachokitegemea kuliko vyote kwenye kazi za aina hii. MySQL inayo tangu toleo la 8.0, SQLite tangu 3.25, yote ya mwaka 2018. Waliobaki wanayo tangu zamani. Uzuri wake ni kwamba hairudii kamwe. Unachoamua wewe ni foleni ipangwe kwa nini: kwa tarehe ya kujiunga, kwa jina, kwa nasibu. Nusu ya watu wanaoniuliza namna ya kuweka thamani tofauti kwa kila mstari wanatafuta RAND wakati shida yao ni namba za risiti zinazofuatana, au viti vya ukumbi, au foleni ya wagonjwa. Hao hawahitaji bahati nasibu hata kidogo.

Na wale wanaohitaji vyote viwili, nasibu na upekee, kama sisi na kadi zetu? Hapo tunamwiga kijumbe mwaminifu hatua kwa hatua. Anaandika vikaratasi vyote, kila kimoja na namba yake. Anavitikisa. Watu wanapanga foleni. Wa kwanza anachukua cha kwanza.

CREATE TABLE vikaratasi AS
SELECT g AS namba,
       ROW_NUMBER() OVER (ORDER BY random()) AS zamu
FROM generate_series(100000, 999999) AS g;

WITH foleni AS (
  SELECT id, ROW_NUMBER() OVER (ORDER BY id) AS zamu
  FROM wanachama
)
UPDATE wanachama AS w
SET namba_kadi = v.namba
FROM foleni AS f
JOIN vikaratasi AS v ON v.zamu = f.zamu
WHERE w.id = f.id;

Hakuna mgongano hapa, kwa sababu hakuna namba iliyoandikwa mara mbili. Kutengeneza na kuchanganya vikaratasi laki tisa kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisi hakuchoshi mtu. Hutamaliza hata kikombe cha chai. SQL Server ina GENERATE_SERIES yake tangu toleo la 2022. Kwenye matoleo ya nyuma, tengeneza jedwali lenye tarakimu 0 hadi 9 na uunganishe nakala zake sita, utapata milioni moja, kisha uache zilizo chini ya laki.

Umeona nimeandika vikaratasi kwenye jedwali la kweli badala ya kuvitengeneza ndani ya amri ileile. Nina sababu mbili. Ya kwanza, SQL Server hasa inaweza kulihesabu upya swali lenye NEWID kila inapolirejea, hivyo unadhani unasoma orodha moja kumbe unasoma orodha mbili tofauti. Ya pili inawahusu wote: huwezi kukagua namba za nasibu kwa kuendesha SELECT kisha UPDATE. Ulichokiona kwenye SELECT kimekwisha. UPDATE itapiga kura mpya. Ukitaka kuona kabla ya kukubali, ziandike mahali, zitazame, kisha nakili hizohizo.

Kosa hilo linafanyika pia kwenye Excel, na wala siwadharau wanaotumia Excel kutengeneza amri 1,240 za UPDATE, moja kwa kila mwanachama, kisha kuzibandika. Kwa jedwali dogo ni njia halali, na unaona kila namba kwa macho yako. Ila fomula ya RANDBETWEEN huhesabu upya kila unapobadilisha kisanduku chochote. Mtu anachapa orodha ya kupeleka kwa mchapaji, anarudi kurekebisha jina moja, kisha ananakili amri. Kadi zinasema hivi, kanzidata inasema vile. Zigeuze kwanza kuwa thamani tupu, ndipo uendelee.

Kwenye ile amri ya NEWID uliona pia sharti la WHERE namba_kadi IS NULL. Usiliache. Amri ya nasibu si kama amri ya kuweka riba kuwa asilimia 12, ambayo ukiirudia mara kumi haidhuru. Ukirudia ya nasibu, wale waliokwisha kupewa kadi jana wanapewa namba mpya leo, na kadi zao mfukoni zinakuwa plastiki tupu. Na utairudia, kwa sababu mtandao utakatika katikati, au umeme, au utadhani haikuenda.

Funga kazi yote ndani ya muamala. BEGIN, kisha UPDATE, kisha ile hesabu ya COUNT na COUNT DISTINCT, kisha tazama mistari kumi kwa macho, halafu COMMIT kama umeridhika au ROLLBACK kama moyo umesita. Kwenye SQL Server ni BEGIN TRANSACTION. Kwenye Oracle muamala huanza wenyewe. Kwenye MySQL angalia usichanganye katikati amri ya kubadilisha umbo la jedwali, kwa mfano ALTER TABLE, maana hiyo hufunga muamala kimyakimya na ROLLBACK yako inabaki bila kazi. Bekapu ichukuliwe kabla. Hilo silielezi.

Kuna thamani moja inayofanana kwa mistari yote ambayo ni ya kawaida na unaitaka iwe hivyo, nayo ni saa. NOW ya PostgreSQL hutoa saa ya kuanza kwa muamala, hivyo mistari yote 1,240 itasoma sekunde ileile. Kwa kumbukumbu ya lini kadi zilitolewa, hilo ndilo sahihi: zilitolewa kwa pamoja. Ukihitaji saa halisi ya kila mstari, ipo CLOCK_TIMESTAMP, lakini mara nyingi anayeihitaji anajaribu kuitumia saa kama namba ya pekee, na saa haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Jambo moja sitaki lichanganywe na yaliyotangulia. Namba ya kadi ni jina tu. Inaonekana, inasomwa kwa sauti dirishani. Namba ya siri ni kitu kingine. RANDOM na RAND za kawaida zinatoa namba zinazoonekana za ovyo lakini zinatoka kwenye fomula, na anayejua fomula na mahali ilipoanzia anaweza kuzifuata. Kwa neno la siri la muda, au kiungo cha kubadilisha nywila, tumia vyombo vilivyotengenezwa kwa usiri: CRYPT_GEN_RANDOM kwa SQL Server, RANDOM_BYTES kwa MySQL, gen_random_bytes ya nyongeza ya pgcrypto kwa PostgreSQL. Na usiihifadhi siri yenyewe ndani ya jedwali ikisomeka. Hifadhi alama yake (hash) isiyoweza kurudishwa nyuma. Kama meneja anataka orodha ya namba za siri za wanachama wote kwenye karatasi moja, mkatalie kwa adabu, halafu mkatalie tena.

Limebaki swali la Jumatatu, mwanachama mpya anapofika. Usirudi kwenye nasibu. Vikaratasi 898,760 bado vipo kwenye bakuli, vimekwisha kuchanganywa. Kinachotakiwa ni kuvifuta vilivyotumika, na kuanzia hapo kila mgeni achukue kinachofuata. Makarani wawili wakiandikisha kwa wakati mmoja wasishike kikaratasi kimoja, na hilo PostgreSQL inalimaliza tangu toleo la 9.5:

DELETE FROM vikaratasi
WHERE namba = (
  SELECT namba FROM vikaratasi
  ORDER BY zamu
  LIMIT 1
  FOR UPDATE SKIP LOCKED
)
RETURNING namba;

Karani wa kwanza akishika cha juu, wa pili hasubiri. Anakiruka na kuchukua kinachofuata. Kikaratasi kinaondoka bakulini na namba inarudi mkononi kwa amri hiyohiyo. Weka faharasa kwenye safu ya zamu, isije ikawa kila mgeni anasababisha laki nane zipangwe upya. Na amri ya kumwandikisha mwanachama iwe ndani ya muamala uleule, ili uandikishaji ukikwama kikaratasi kirudi bakulini.

Nilipomwonyesha mama mhasibu, aliuliza kitu ambacho mimi sikukiwaza.

"Hivi vilivyobaki vinakaa wapi?"

"Kwenye jedwali hili, mama."

"Na nani anaweza kulifungua?"

Nikaangalia. Kila mwenye nywila ya mfumo angeweza kulifungua, akasoma namba za wanachama ambao hawajazaliwa bado kichama. Akanitazama juu ya miwani. Mchana ule niliondoa ruhusa za makarani wote kwenye jedwali la vikaratasi, nikawaachia funksheni moja tu, inayotoa kikaratasi kimoja kwa mara moja.